UZI: Matembezi ya majengo ya Alfred Waterhouse katikati ya Manchester, na namna moshi ulivyoyaumba

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kwetu sisi jina la Manchester ni jina la mpira kwanza, na mimi mwenyewe nilihamia mji huu nikiwa na picha ya uwanja kichwani. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiwatembeza jamaa wanaokuja kututembelea, na njia ninayoipenda kuliko zote haipiti hata karibu na uwanja. Ni mwendo wa kama kilomita mbili na nusu, kutoka Mount Street hadi Oxford Road, ukifuata kazi za msanifu majengo mmoja aitwaye Alfred Waterhouse, aliyezaliwa Liverpool mwaka 1830 na kufariki mwaka 1905. Enzi ya Malkia Victoria ilimkabidhi mtu huyu mahakama, gereza, chuo, jumba la jiji na ofisi za bima, na sehemu kubwa ya kazi hizo ingali imesimama. Nimeona niiandike njia hiyo hapa kwa sababu wageni wengi huyapita majengo haya wakiyaona kuwa ni mawe ya zamani tu, ilhali kila moja ni jibu la swali moja ambalo mji huu ulimuuliza kila msanifu: moshi utakuachia nini?

Tukumbuke Manchester ya wakati ule ilikuwaje. Viwanda vya pamba, mabohari, treni na majiko ya nyumbani vyote vilichoma makaa ya mawe, na masizi yalishuka usiku na mchana juu ya kila kitu. Ukuta uliojengwa leo kwa jiwe la rangi ya mchanga ungekuwa mweusi kabla mtoto aliyezaliwa siku hiyo hajaanza shule. Katika mji wa namna hiyo, msanifu anayechora nakshi nyembamba na rangi nyingi huchora kitu ambacho wajukuu wake hawatakiona.

Matembezi yaanzie Mount Street, mbele ya nyumba ya ibada ya Marafiki, yaani dhehebu la Kikristo la Waquaker, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1820. Hii si kazi ya Waterhouse. Ni ya Richard Lane, mwalimu wake. Waterhouse alizaliwa katika familia ya Kiquaker, na mwaka 1848, akiwa kijana wa miaka kumi na minane, aliingia katika ofisi ya Lane hapa Manchester kujifunza kazi. Lane alikuwa mtu wa mtindo wa Kigiriki: nguzo zilizopangwa sawasawa, pembetatu tulivu juu yake, na kuta zisizo na maneno mengi. Simama hapo dakika tano kabla hujaangalia kingine chochote, uikariri ile mistari iliyonyooka, kwa sababu ukikata kona tu utaona kile ambacho mwanafunzi alikifanya baada ya kumaliza mafunzo, kuzunguka Ulaya na kufungua ofisi yake mwenyewe mwaka 1854. Aliugeuzia mgongo Ugiriki wote wa mwalimu wake akaushika mtindo wa Kigothi, wenye matao yaliyochongoka, mapaa yenye mwinuko mkali na minara.

Sasa ingia Albert Square. Jumba la Jiji linakukabili lote kwa mara moja, mnara wake ukiwa na urefu wa mita 85. Wengi hupiga picha ya mnara wakaondoka. Mimi nakuomba uanze na kiwanja. Kiwanja hiki ni pembetatu, umbo ambalo kila fundi analichukia kwa kuwa pembe zake hubana vyumba na katikati yake hubaki giza. Kulikuwa na mashindano ya ramani, na michoro 137 iliwasilishwa. Kwa upande wa sura peke yake, mchoro wa Waterhouse uliwekwa nyuma ya mingine mitatu. Alichoshinda nacho ni mpangilio: ukumbi mkuu aliuweka katikati, ofisi akazizungusha pembeni ambako mwanga wa barabara unaingia, akaacha nyua za ndani zinazoleta mwanga upande wa pili, na kwenye zile pembe ngumu akaweka ngazi za mzunguko. Kile kilichokuwa kasoro ya kiwanja kikawa mahali pa watu kupanda na kushuka. Alipewa kazi tarehe 1 Aprili 1868, jiwe la msingi likawekwa Oktoba mwaka huohuo, na jumba likafunguliwa tarehe 13 Septemba 1877 na meya Abel Heywood, baada ya Malkia Victoria kukataa kuja. Kengele kubwa iliyo mnarani ina uzito wa zaidi ya tani nane, nayo inaitwa Great Abel kwa jina la meya huyo.

Sogea ukutani sasa, uweke kiganja chako juu ya jiwe. Hili ni jiwe mchanga gumu la Spinkwell, kutoka Bradford upande wa Yorkshire, na nyuma yake kuna tofali zipatazo milioni 14. Siku hizo mtindo uliopendwa na wasanifu wengi wa Kigothi ulikuwa kuchanganya mawe ya rangi mbalimbali, mekundu na meupe na ya kijivu, kama mikeka ya ukindu. Waterhouse aliacha. Alitumia rangi moja kutoka chini hadi juu, na wako waliomlaumu kwa hilo. Lakini tazama jinsi alivyochonga: matao yameingia ndani sana, mikanda ya jiwe imetokeza mbele, vivuli ni vizito. Alijua rangi zitafunikwa na masizi, kwa hiyo urembo wote akauweka katika kina, ambacho masizi hayawezi kukifuta. Jengo hili lilikuwa jeusi tii kwa miongo mingi, na hata likiwa jeusi lilisomeka.

Ndani lilifungwa Januari 2018 kwa ukarabati mkubwa, hivyo kabla ya kupanga safari uliza kwanza hali ya milango. Mimi nilibahatika kuingia kabla ya hapo. Kitu kilichonikaa moyoni ni mkono wa ngazi. Katika zile ngazi za mzunguko, mabomba ya gesi ya taa yalifichwa chini ya mkono wa ngazi unaoushika unapopanda, na nguzo ya katikati ambayo ngazi zinaizunguka iko wazi ndani, ikipitisha hewa iliyopashwa moto hadi kwenye korido. Hewa hiyo ilivutwa kutoka nje kupitia matundu ya mawe yenye nakshi chini ya madirisha, ikapita nyuma ya mabomba ya maji moto, ndipo ikapewa watu waivute. Utaona kwamba katika mji uliojaa moshi, hewa ilikuwa mali ya kupimwa na kugawiwa, na msanifu alilifanya jengo zima kuwa pafu. Juu, mbele ya ukumbi mkuu, sakafu imetiwa nyuki wengi wa vipande vidogo vya mawe. Nyuki ni alama ya kazi katika nembo ya mji huu tangu 1842. Ukiwa nje, kwenye saa ya mnara, kumeandikwa maneno ya Zaburi ya 90, yale ambayo Biblia yetu inayasema hivi: utujulishe kuzihesabu siku zetu.

Kutoka hapo shuka kusini. Jengo la nyongeza la jiji na maktaba ya mviringo, kazi za miaka ya 1930 za Vincent Harris, ni mazuri, lakini si ya safari hii. Endelea na Oxford Street hadi kona ya Whitworth Street, na hapo utasimama bila kuambiwa, kwa kuwa mbele yako kuna jengo jekundu ambalo halifanani na chochote ulichokwisha kukiona tangu Albert Square.

Hizi zilikuwa ofisi za kampuni ya bima ya Refuge. Sehemu ya kwanza ni ya Alfred Waterhouse, 1891 hadi 1895. Mnara wenye saa uliongezwa na mwanawe, Paul Waterhouse, kati ya 1910 na 1912. Jengo zima ni tofali nyekundu na terakota, yaani udongo uliokandamizwa kwenye kalibu ukachomwa katika tanuri kwa moto mkali hadi uso wake ukawa mgumu kama chungu kilichoiva. Huu ndio mwisho wa hoja yake na moshi. Jiwe lina vinyweleo, nalo hunywa masizi. Terakota iliyochomwa vizuri inayakataa, mvua inapoipiga huosha sehemu kubwa, na kilichobaki unaweza kukisugua. Siku hizi ni hoteli, na hakuna anayekukataza kuingia ukumbi wa mbele. Ingia. Kuta na nguzo za ndani zimevikwa vigae vya kung'aa kutoka Burmantofts, Leeds, na ukipitisha kidole utahisi ubaridi uleule wa sahani ya kauri. Msanifu aliyeanza kwa kutafuta jiwe litakalouvumilia moshi alimaliza kwa kutafuta ukuta utakaopanguswa kwa kitambaa.

Endelea na Oxford Road kama dakika kumi, kisha pinda kulia Cavendish Street. Hapa Lane anarudi tena: uso wa lililokuwa jumba la mtaa wa Chorlton-on-Medlock, wenye nguzo za Kigiriki, uliojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1830. Ni uso tu uliohifadhiwa, nyuma yake ni majengo mapya ya chuo kikuu. Lakini kwa sisi Waafrika hapa pana uzito wa pekee, kwa maana ndipo ulipofanyika Mkutano wa Tano wa Umoja wa Waafrika, Oktoba 1945, na miongoni mwa waliopita kati ya nguzo hizi ni Jomo Kenyatta, Kwame Nkrumah na W.E.B. Du Bois. Kuna kibao ukutani. Mimi husimama hapo kila mara, na sioni kama nimetoka nje ya njia ya Waterhouse, kwa sababu bila mwalimu huyu aliyechora nguzo hizi tusingekuwa na mwanafunzi yule.

Kituo cha mwisho ni mbele kidogo, chuo kilichoitwa Owens College, ambacho leo ni moyo wa Chuo Kikuu cha Manchester. Kilianzishwa kwa mali aliyoiacha mfanyabiashara wa nguo, John Owens, na kilihamia Oxford Road mwaka 1873 katika jengo la Waterhouse. Pita chini ya tao, uingie uani. Makumbusho ya chuo nayo ni kazi yake, na kuingia ni bure.

Karibuni kwa maswali na masahihisho.

Mchangiaji (Vihiga)

Asante sana, mkuu, kwa uzi wenye manufaa. Nimesoma habari za nyumba ya Marafiki kwa furaha, kwani huku kwetu magharibi mwa Kenya kanisa la Marafiki ndilo kanisa letu tangu misheni ya Kaimosi ilipoanzishwa mwaka 1902, na inajulikana kwamba Kenya ina Waquaker wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Ibada zetu zina nyimbo na mahubiri, lakini mababu wa imani hii Uingereza walikaa kimya wakingoja Roho. Swali langu ni hili: mtu aliyelelewa katika ukimya na unyofu wa namna hiyo alipataje kujenga jumba lenye sanamu na minara kiasi hiki?

Mwanzisha uzi

Swali lako, ndugu yangu, nimewahi kulibeba kichwani nikipita mitaa hii. Marafiki wa wakati ule waliepuka urembo katika nyumba zao za ibada, ndiyo maana ile ya Mount Street imetulia hivyo. Lakini walikuwa pia watu wa biashara na viwanda waliosaidiana kazi, na wateja wa kwanza wa kijana Waterhouse walitoka katika mtandao huohuo wa jamaa na marafiki wa imani. Mimi nauona ule unyofu ukiwa umehamia mahali pengine katika kazi yake: katika ramani. Majengo yake yana nakshi kwa nje, lakini ukishika mchoro wa sakafu utaona mtu asiyependa kupoteza hata pembe moja. Korido inakwenda unakohitaji kwenda, ngazi iko pale unapochoka, dirisha liko pale unapoandika. Walimpenda wateja kwa hilo. Alikuwa rais wa Taasisi ya Kifalme ya Wasanifu Majengo wa Uingereza kuanzia 1888 hadi 1891, na kabla ya hapo, mwaka 1878, taasisi hiyo ilimpa nishani yake ya dhahabu.

Mchangiaji (Unguja)

Assalaam alaykum. Nimefanya kazi na mafundi wa kuta za Mji Mkongwe kwa muda, kwa hiyo suala la jiwe kuliwa nalifahamu kwa upande wetu. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, na adui wetu ni chumvi na maji. Sote tuliona Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, lilivyoporomoka sehemu yake Desemba 2020. Ningependa kuelewa: moshi unakula jiwe kwa njia gani hasa? Kuwa jeusi si kuanguka. Na kwa nini jiwe la Bradford liokoke?

Mwanzisha uzi

Wa alaykum salaam, fundi wangu. Umetofautisha vizuri, kwani weusi na ugonjwa ni mambo mawili, ingawa huja pamoja.

Makaa ya mawe yana salfa ndani yake. Yakiungua, salfa hutoka kama gesi, na gesi hiyo ikikutana na unyevu wa hewa, ambao Manchester haina upungufu nao, hugeuka tindikali. Tindikali ikilikuta jiwe la chokaa, au jiwe mchanga ambalo punje zake zimeshikanishwa kwa chokaa, hulibadilisha lile la juu kuwa jasi. Jasi huvimba, hushika masizi, na hutengeneza ganda jeusi gumu. Kwa miaka kadhaa ganda hilo linaonekana kama ngozi ya jiwe. Kisha siku moja linapasuka na kubanduka, na linapobanduka huondoka na uso wa jiwe wenyewe, pamoja na ua au uso wa malaika uliochongwa juu yake. Chini yake hubaki unga. Kama kuta za Mji Mkongwe zingehamishiwa Manchester ya 1870, matumbawe yenu, ambayo ni chokaa tupu, yangeliwa haraka kuliko karibu kila jiwe.

Jiwe la Spinkwell ni la jamii nyingine. Punje zake ni za kwatzi na zimeshikana sana. Tindikali haina cha kula hapo. Linabeba masizi, linakuwa jeusi, lakini halibanduki kwa wepesi. Kwa hiyo Waterhouse alipolichagua alikuwa amekubali nusu ya hasara: nitakuwa mweusi, lakini nitabaki na sura yangu. Katika terakota alikataa hata ile nusu.

Mji ulianza kusafishika baada ya maeneo ya kwanza yasiyoruhusiwa moshi kuwekwa, na hasa baada ya sheria ya hewa safi ya mwaka 1956. Ndipo watu waliozaliwa hapa wakaona kwa mara ya kwanza kwamba jumba lao lilikuwa na rangi ya mchanga.

Mchangiaji (Dar es Salaam)

Mwanzisha uzi, nakubaliana na mengi, ila naomba kutofautiana nawe katika moja. Umesema Waterhouse alitoka kwenye jiwe akaenda kwenye terakota kwa sababu ya moshi. Nilisoma katika chuo hicho cha Oxford Road, na ninavyokumbuka majengo yake yote yanayozunguka ua ni ya jiwe, yakiwemo yale yaliyojengwa baada ya ofisi za Refuge kuanza. Ukumbi wa Whitworth ulikamilika mwaka 1902, nao ni wa jiwe. Kama alikuwa ameshapata dawa, kwa nini aliendelea kuwapa wanafunzi ugonjwa?

Mwanzisha uzi

Nakushukuru, mkuu, kwa kunibana mahali panapostahili. Ni kweli kabisa. Ua ule ulianza kujengwa mwaka 1870 kwa jiwe, na kila kilichofuata kwa zaidi ya miaka thelathini, makumbusho, maktaba ya Christie ya mwaka 1898, hadi ukumbi wa Whitworth ambao mwanawe Paul alishirikiana naye, kilifuata jiwe hilohilo. Maelezo yangu ni kwamba alikuwa anamalizia vazi moja. Huwezi kushona kanzu mbele kwa kitambaa hiki na nyuma kwa kingine. Alipopata kiwanja ambacho hakikuwa na deni la jengo lililotangulia, alifanya alilotaka: tazama Jengo la Victoria la Chuo Kikuu cha Liverpool, 1889 hadi 1892, ambalo ni tofali nyekundu na terakota kutoka chini hadi kileleni. Kutokana na jengo hilo ndipo vyuo vya miji ya viwanda vya Uingereza vilipopata jina la vyuo vya tofali nyekundu.

Na hata kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuijaribu kwa kiwango kikubwa London. Makumbusho ya Historia Asilia yaliyofunguliwa mwaka 1881 yamevikwa terakota ndani na nje, yakiwa na wanyama waliotoweka upande wa mashariki na wanyama walio hai upande wa magharibi, wote wakiwa wa udongo wa kuchoma.

Niongeze kwamba moshi haukuwa sababu pekee. Kalibu moja hutoa vipande vingi vinavyofanana, kwa hiyo nakshi iliyomgharimu mchonga mawe siku nyingi inapatikana kwa bei nafuu kwa kurudia. Kampuni za bima zilizotaka kila tawi lijulikane kwa sura moja zililipenda hilo. Waterhouse aliijengea kampuni ya Prudential majengo mengi ya aina hiyo nchini, likiwemo moja hapahapa King Street. Kwa upande wangu, ua wa chuo ndio sehemu ya njia isiyonigusa sana kuliko zote kama kazi ya usanifu, ukiondoa lile tao la kuingilia, ambalo linakutoa kwenye kelele za mabasi na kukuweka kwenye ukimya kwa hatua kama kumi.

Mchangiaji (Bolton)

Mimi hupita na treni nikiuona ule mnara mrefu wa Strangeways kaskazini ya mji, nikidhani ni mnara wa walinzi. Nimesikia kuwa nao ni wa Waterhouse. Mbona hukuuweka kwenye njia?

Mwanzisha uzi

Sikuuweka kwa sababu uko upande wa pili wa mji, mwendo wa kama kilomita moja na nusu kutoka Albert Square, na kwa sababu ni gereza linalotumika hadi leo, kwa hiyo mtu anaishia kuliangalia kutoka barabarani. Lakini ukiwa na muda inafaa, kwani mnara huo ndio ushahidi bora wa yale niliyoyasema juu ya hewa.

Gereza lilifunguliwa mwaka 1868. Ramani yake ni mabawa sita yanayotoka kwenye kitovu kimoja kama vijiti vya gurudumu, ili askari aliyesimama katikati aone kila upande. Mnara una urefu wa mita 71 hivi, na kila mgeni huudhania kama ulivyoudhania wewe. Hakuna mlinzi aliyewekwa huko juu. Ni dohani ya kupasha joto na kuvuta hewa, iliyovikwa umbo linalowafanya wengi wafikirie mnara wa msikiti. Kila msanifu angeweza kujenga bomba la moshi likabaki bomba. Waterhouse aliona kwamba bomba refu kiasi hicho litaonekana kila mtaa wa mji, hivyo akalifanya liwe kitu ambacho jicho linaweza kukaa juu yake. Watu wengi wanalikumbuka gereza hilo kwa ghasia za Aprili 1990, ambapo wafungwa walishikilia mapaa kwa siku ishirini na tano.

Mbele ya gereza ndipo palipokuwa na kazi iliyompa jina, Mahakama za Assize, yaani mahakama za kesi nzito zilizokaa kwa vipindi, alizozishinda katika mashindano ya mwaka 1859 na kuzikamilisha mwaka 1864. John Ruskin, mhakiki mkali kuliko wote wa zama zile, alizisifu. Mabomu ya Wajerumani yaliziharibu mwaka 1940 na 1941, na mwaka 1957 zikabomolewa. Nimekwenda mara kadhaa kusimama pale na picha ya zamani mkononi, nikijaribu kuupanga mlango kwa kukadiria umbali kutoka mnarani. Jambo hilo linaniuma, kwa maana kama ningeruhusiwa kumwonyesha mgeni jengo moja tu la ujana wake, ningechagua hilo.

Mchangiaji (Leicester)

Habari za leo, mwanzisha uzi. Narudi kutoa mrejesho. Jumapili tuliichukua njia yako, mimi, mama mkwe wangu aliyekuja kutoka Tanga, na binti yetu wa miaka tisa. Mvua ilitunyeshea tangu Albert Square hadi mwisho, na mwanzoni nilijuta, lakini nadhani mvua ndiyo iliyotuonyesha ulichokiandika. Pale kwenye kona ya Whitworth Street lile jengo jekundu lilikuwa linang'aa kama vyungu vilivyotoka kuoshwa, maji yakiteleza juu yake. Tulipofika chuoni, ukuta wa jiwe ulikuwa umeyanywa maji ukawa na mabaka meusi, hasa chini ya mikanda inayotokeza. Mama mkwe aliyagusa yote mawili, akasema la kwanza ni mtungi na la pili ni jiwe la kunolea kisu.

Pale Cavendish Street aliomba tumsomee kile kibao neno kwa neno. Tulipolifikia jina la Kenyatta alisimama wima pale mvuani, akakunja mwavuli, akakaa kimya kwa muda. Baba yake alikuwa mtu wa harakati za uhuru.

Binti naye alinishangaza. Kwenye jengo la bima alitafuta majani ya nakshi akapata mawili yenye mkunjo uleule kwenye ncha ileile, kisha la tatu, kisha la nne, akaniuliza kama fundi alikuwa ananakili.

Mwanzisha uzi

Shikamoo nyingi kwa mama, na umwambie nitaliazima neno lake la mtungi kila nitakapowapeleka wageni.

Mwambie binti kwamba hayo majani yalitoka katika kalibu moja. Fundi aliuchonga mkunjo ule mara moja tu, na baada ya hapo udongo ndio uliokuwa ukiurudia. Akija tena, ampeleke bibi Albert Square, wasimame karibu na mlango mkuu mahali ambapo jiwe limechongwa kwa mkono, na kila mmoja atafute upande wake kama atapata majani mawili yanayofanana kabisa.